Ekari Moja ya Baba

"Ekari ngapi, mzee?" kijana wa kusajili aliuliza bila kuinua macho kwenye fomu.

Baba akakohoa. Ilikuwa mwanzoni mwa 2023, tumeketi chini ya mkorosho huko Ganda, karibu na Malindi, wakulima wanaandikishwa ili wapate mbolea ya ruzuku. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwa sababu namba ya simu ingeandikwa yangu. Kisimu chake kilifungwa kwa mpira na kilizima kikitaka.

"Moja," akasema.

Nikamgeukia. Shamba letu, kuanzia mnazi uliopigwa na radi hadi kule bondeni, halipungui ekari tatu. Nimelipalilia tangu utotoni, nalijua kwa mgongo wangu. Baba akanikanyaga mguu. Nikanyamaza.

Njiani ndipo akasema. "Karatasi ya serikali ikiandika nalima ekari tatu, mwenye hati akiiona je?"

Nikamweleza kwamba hii ni ya mbolea tu, haimpi mtu ardhi wala haimnyang'anyi. Hakunijibu, na kusema kweli sikumlaumu. Karatasi zimetutenda huku Pwani. Ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka mwenye ardhi ajitokeze adai chake, ila ya Wagiriama ilikuwa ya ukoo, si ya mtu na jina lake. Wengi wakaachwa nje. Babu alizaliwa pale na akazikwa pale, lakini jina lililo kwenye hati ni la mtu ambaye hatujawahi hata kumwona.

Ujumbe ukaja kwenye simu yangu nikiwa kazini: mfuko mmoja wa kilo 50, shilingi 3,500. Bei si mbaya hata kidogo. Mwaka uliotangulia mfuko kama huo dukani ulikuwa umevuka 6,000. Jirani yetu aliyejitajia ekari nne (ana mbili, na mbuzi) alipata minne.

Nikalipa kwa M-Pesa. Mara ya kwanza tulipofika ghalani tukaambiwa mzigo haujaingia, turudi. Tukarudi siku nyingine, tukapanga foleni hadi alasiri, tukaufunga mfuko nyuma ya bodaboda na baba akaukalia kama aliyepanda punda. Ukijumlisha nauli zote hizo, ile nafuu ilikuwa imeshaliwa nusu.

Mvua zilikuwa zimetukosa misimu mitano mfululizo, kwa hiyo za mwaka ule ziliponyesha hatukungoja. Baba alipima kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kila shimo. Mimi nikifuata nyuma, nafunika zile chembe za kijivu kwa udongo kidogo kabla ya kudondosha mahindi, maana mbegu ikizigusa huungua. Mfuko ukaisha karibu na mwembe. Kuanzia hapo tulitia samadi ya mbuzi, nayo ilikuwa haba.

Niliporudi mwezi wa Mei, mstari ulionekana ukiwa barabarani: upande huu mahindi ya kijani kilichokolea, yamenipita kiuno, upande ule ya manjano, yanafika magotini. Mpita njia akasimama, akauliza mbona huku hayakutiwa mbolea.

Baba hakuacha kupalilia. "Shamba langu linaishia hapo kwenye mwembe," akasema.