Sentimita 25 zangu

Saa nne na nusu usiku. Watoto wamelala, mama yao kalala, na mimi nipo sakafuni naokota vinyuzi vya kung'aa vilivyonasa kwenye zulia. Nimeshafagia mara mbili. Havitoki. Najua hata mwezi wa sita tutakuwa bado tunakiona kimoja kimoja chini ya kochi, kikitukonyeza.

Kesho ni tarehe 1 Desemba, kwa hiyo leo tumepamba nyumba. Au niseme ukweli: leo wamepamba wao. Mimi nimebakiziwa sentimita 25.

Kwa miaka mingi mti wa Krismasi wa nyumba hii ulikuwa wangu. Nina ugonjwa wa kupenda vitu vikae sawa. Nyekundu huku, dhahabu kule, vimepishana kama vifungo vya shati, na mgeni akiingia jicho lake linaanzia juu kwenye nyota na kuteremka bila kujikwaa popote. Nilisifiwa sana kwa ule mti. Kilichonipita ni kwamba watoto wangu walikuwa wanaukaribia wakiwa wamefunga mikono mgongoni, jinsi mtu anavyotembea nyumba ya watu akiogopa kuvunja kitu.

Mwaka jana nikajifanya nimelegeza kamba. Nikampa kitinda mimba wetu, wakati huo ana miaka mitatu, boksi dogo la mapambo ya kitambaa na ya mbao: ndege, kengele, farasi, nyumba ndogo, vitu vya namna hiyo. Nikamwambia, haya mwanangu, tundika unapotaka. Akatundika. Vyote tisa kwenye tawi moja. Tawi likainama mpaka likagusa sakafu, na yeye akarudi nyuma hatua mbili, akashika kiuno, akaangalia kazi yake kama fundi aliyemaliza kuezeka paa.

Usiku walipolala nikavitawanya. Sikuona kama ni kosa. Nikasema mtoto wa miaka mitatu atakumbuka nini, tena nimeviacha vyote mtini, hakuna hata kimoja nilichoondoa. Asubuhi akaja akiwa bado na usingizi machoni, akasimama mbele ya mti, akauliza, "Baba, wangu wameenda wapi?" Nikamwonyesha: ndege yule pale, farasi huyu hapa. Akanitazama. Hakulia. Akaanza kuzunguka mti akiwaondoa mmoja mmoja na kuwarudisha kwenye tawi lilelile, na yule ambaye hakumfikia akaniagiza nimshushe. Nikamuuliza kwa nini wakae pamoja wote. Akasema, "Usiku wanaogopa."

Sasa mtu mzima anajibu nini hapo? Nilimshusha farasi.

Ndiyo maana mwaka huu, kabla sijafungua boksi lolote, nikachukua tepu ya kupimia ya fundi cherehani na kuwaita wote wawili. Mke wangu akauliza kama mti nauwekea oda ya suti. Nikamsimamisha mdogo kwenye vidole vya miguu, mkono juu: sentimita 115. Kuanzia hapo kushuka chini ni pake. Dada yake, ambaye sasa ana miaka tisa na anarefuka kama mtu anayekimbizwa, akafika 165. Kati ya 115 na 165 ni pa kwake. Mti wetu una sentimita 190. Mimi nikapewa kilichobaki, na yule mkubwa akakifungia utepe mwekundu ili nisijisahau nikavuka mpaka.

Nimegundua kuwa mpaka huu una manufaa yake mengine. Vile vya kioo vyote vimehamia kwangu juu, viko saba tu, na kwa mara ya kwanza sijasema neno "angalia!" hata mara moja. Mti wenyewe nimeufunga nyuma kwa mshipi wa kuvulia samaki kwenye msumari wa pazia. Hauonekani, ila mtu mwenye miaka minne akiamua kupanda, utamshika.

Taa zilitangulia, kama ilivyo lazima. Ukizifanya za mwisho utaangusha kila kitu wakati wa kuzungusha waya. Tulizijaribu kwanza zikiwa sakafuni, na bila shaka mkanda mmoja ulikuwa umekufa nusu. Mkubwa akataka kujua inakuwaje nusu nzima izime kwa pamoja. Nikamchorea: kwenye taa kama hizi balbu zimeungwa mfululizo, umeme unapita ya kwanza ndipo uende ya pili, na mmoja akikata njia wote walio kwenye foleni yake wanakaa gizani. Akasema, "Kama sisi tukimsubiri mdogo avae viatu." Ndiyo, mwanangu. Kama hivyohivyo.

Nikamsimulia pia kwamba kabla ya umeme watu walikuwa wanawasha mishumaa ya kweli kwenye matawi, huku ndoo ya maji iko pembeni, na kwamba mwaka 1882 huko New York mtu aitwaye Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha mti nyumbani kwake kwa balbu 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na bluu. Yeye aliganda palepale kwenye ndoo. "Yaani walijua utawaka, wakaweka ndoo, halafu wakauwasha?" Sikuwa na la kuwatetea.

Kuna kitu kimoja leo nilikitoa nje ya nyumba kabisa. Tulikuwa na vishumaa vya plastiki vinavyowaka kwa betri, vizuri tu, vinachezacheza kama moto. Nikageuza kimoja na kukifungua kwa ukucha. Hakina skrubu. Ndani yake mna ile betri bapa ndogo ya duara, ambayo kwa macho ya mtoto inafanana na peremende. Hiyo ikimezwa na kukwama kooni, umeme wake ukikutana na majimaji ya mwilini unatengeneza kemikali kali inayounguza nyama, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeshafanya uharibifu mkubwa. Mtu hasubiri nyumbani kuona itakuwaje, anakimbia hospitali. Nilikaa na kile kishumaa mkononi nikikumbuka kwamba mwaka jana kilikuwa kwenye meza fupi, urefu wa kidevu chake. Na mimi wakati huo nilikuwa nahangaika na mpangilio wa rangi.

Basi. Tuendelee.

Mnyororo wa karatasi ulikuwa wa mkubwa. Alikata vipande, akavigundisha pete kwa pete, 24 jumla, na kila pete ameiandika namba. Kuanzia kesho tunakata moja kila jioni. Wazo lilitokana na mdogo wake, ambaye tangu katikati ya Novemba anauliza swali moja kila asubuhi: "Krismasi ni leo?" Ukimjibu bado, anauliza, "Kesho?" Ukimjibu bado, anakuangalia kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye hujui kuhesabu.

Wakati dada yake akikata nikawasimulia habari ya Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Hamburg, Ujerumani, aliyekuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini. Inasimuliwa kwamba watoto wake nao walikuwa wanamchosha kwa swali hilihili. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu 20 na mikubwa myeupe 4, ile mikubwa kwa ajili ya Jumapili za Majilio. Kila siku wanawasha mmoja zaidi, mtoto anaona kwa macho yake siku zinavyokwenda. Shada la Majilio la mishumaa minne lilizaliwa hapo. Nilipomaliza kusimulia kukawa kimya kidogo. Kisha mdogo akauliza, "Na wao Krismasi yao ilikuwa kesho?"

Mnyororo ameutundika mwenyewe, mkubwa, kwenye mlango wa chumba chao. Pete namba 9 imekatwa vibaya, ina pembe kama sambusa, na gundi imetoka pembeni ikakauka. Mkono wangu uliwasha. Niliuweka mfukoni.

Halafu pango. Hapa ndipo niliposhindwa kabisa, na sijutii.

Tuna sanamu za kauri ambazo tangu tuoane zimekaa juu ya kabati: Mariamu, Yosefu, wachungaji, punda, ng'ombe. Watoto waliinuliwa wakaonyeshwa, wakashushwa. Mwaka huu zimebaki kwenye gazeti lao. Tumetengeneza pango la boksi la viatu, tumelipaka rangi ya udongo, na tumeliweka sakafuni. Watu ni vijiti na vitambaa, nywele za uzi wa sweta. Mariamu wetu ana jicho moja kubwa kuliko jingine, anaonekana kama amesikia habari ya kushangaza, na ukifikiri vizuri ni kweli aliisikia.

Hori tumeliacha tupu, kwani mtoto bado hajazaliwa. Lakini nusu saa baadaye nilikuta halipo tupu. Lina nyasi nyingi na, juu ya nyasi, kijiko. Mlangoni mwa pango limeegeshwa lori la mchanga la plastiki. Nikauliza lori la nini. "La kuleta nyasi. Punda amechoka, amebeba Maria." Nikatafuta hoja ya kumpinga na sikuipata. Kijiko sikuuliza.

Niliwaambia kwamba Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, alitengeneza hori lenye nyasi, akaleta ng'ombe wa kweli na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao jinsi mtoto alivyolala pabaya. Mkubwa akauliza kama punda alinyamaza wakati wa misa. Nadhani hilo ndilo swali la maana zaidi lililowahi kuulizwa kuhusu usiku ule. Mdogo yeye alikuwa ameshaondoka na lori kwenda kuchukua nyasi nyingine, ambazo, nimezikuta sasa hivi, ni majani ya ufagio wangu.

Nyota ya juu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Imo ndani ya mipaka yangu, kisheria. Nilikuwa nimeshaishika na kupanda kiti, nikasikia kimya cha namna fulani nyuma yangu, kile kimya cha watu wawili wanaokutazama. Nikashuka. Nikambeba mdogo mabegani, dada yake akashika kiti, na nyota ikakaa. Imeinama kushoto. Kama mlevi, amesema mke wangu, halafu akapiga picha.

Kwa hiyo ukitoa nyota, mali yangu ni vioo saba.

Sasa nimemaliza zulia, au zulia limenimaliza. Nimezima taa ya sebuleni ili niuone mti peke yake. Katikati, kwa mkubwa, kuna mpangilio wa ajabu: ameweka vya bluu vyote upande wa ukutani, ambako hakuna mtu atakayeviona, kwa sababu, alisema, ukuta nao umechoka kuangalia mgongo. Na chini, upande wa kulia, lipo tawi. Lilelile, ningeapa. Ndege, kengele, farasi, nyumba, na wengine wameongezeka. Nimewahesabu kwa tochi ya simu: kumi na mmoja. Limeinama mpaka ndege amelaza mdomo kwenye zulia, na ile sehemu linapoungana na shina imeanza kufunguka.

Usiku halitafika asubuhi likiwa hivi. Nimeenda jikoni kuchukua mkasi, nikakata kipande kingine cha mshipi. Nimelifunga tawi kwenye lile la juu yake, taratibu, nikivuta kidogo kidogo huku nimezuia kengele isilie. Limenyanyuka kama vidole viwili kutoka chini. Wote kumi na mmoja bado wapo, wamebanana palepale walipowekwa.