Maua yaliyokataa kusimama

Naivasha ni mji wa waridi, na sisi tuliokuwa tukipanda basi la kampuni alfajiri kutoka Karagita tulijua waridi tu. Lisianthasi ilipoletwa shambani, tuliiona ua lenye madeko. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hadi zivikwe udongo ziwe vidonge ndipo zishikike. Hazifukiwi, maana zinataka mwanga ili ziote. Zikishaota hazina haraka: miezi miwili baadaye mche mzima bado unaenea kwenye sarafu. Wataalamu huliweka katika ukoo wa jentiani. Kwao ni nyanda za nyasi za Marekani, Texas hadi Nebraska, ila Wajapani ndio walioliboresha mpaka likawa na petali nyingi zinazopendwa na maharusi. Trei moja ikianguka, kelele zilisikika hadi ofisini.

Nilipangiwa propagesheni, yaani kule miche inakooteshwa, pamoja na mama mmoja tuliyemwita Shosho ingawa uzee haukuwa umemfikia. Januari ile jua lilikuwa la kutoboa. Feni ilikuwa imeharibika, neti ya kivuli imechanika, na fundi ni wa kesho, kesho kutwa. Shosho alikuwa na kawaida ya kubandika kiganja juu ya trei.

"Hawa watoto wanachemka," akamwambia suparavaiza.

Akajibiwa kwamba mradi maji yanafika, hakuna shida.

Mwezi wa Machi tukaihamishia miche kwenye matuta ya grinihausi. Shosho akauchomoa mmoja kwenye trei, akaugeuzageuza. Mizizi ilikuwa myeupe, haina doa. Akasugua jani kwa kidole gumba; ule unga wa kijivu ukatoka, kijani kikang'aa. Kisha akaniinamishia nione katikati. Jozi za majani zilikuwa zimelaliana, moja juu ya nyingine, hakuna dalili ya shina.

"Mche mzuri saa hii ungekuwa umeanza kunyanyuka, kijana wangu. Huu umelala."

Tukaupanda hivyo hivyo. Ungefanyaje, na suparavaiza amesimama nyuma yako na daftari?

Nilikuja kuelewa baadaye. Joto kali likiukuta mche wa lisianthasi ungali mchanga, hasa usiku nao usipopoa, hujikunyata chini na kutoa majani tu. Ukishashika njia hiyo, maji na mbolea haviusogezi. Unachotaka ni baridi ya majuma kadhaa mfululizo. Mwezi wa Mei tulikuwa na grinihausi nzima ya majani mapana yaliyolala chini, na juu yake neti za kushikilia mashina, zimekazwa vizuri, hazishikilii kitu. Meneja alisimama mlangoni, akauliza nani amempandia kabichi. Ikaamriwa ing'olewe yote.

Tuling'oa karibu yote. Tuta la mwisho, upande wa ukutani, lilibaki kwa sababu tuliitwa waridini kabla hatujalifikia, na hakuna aliyelikumbuka isipokuwa Shosho, ambaye alikuwa akilifungulia maji akipita. Juni ikaja na baridi, Julai ikazidi. Alfajiri tulikuwa tukivuta pumzi inatoka moshi, na waliokosa sweta walijifunga leso mabegani. Agosti tuta lile likaanza kuinuka. Kila siku ukipita unakuta shina limepanda, hadi vichwa vikapenya matundu ya neti, na vitumba vimejisokota kama mwavuli uliofungwa.

Yalichanua meupe. Tukayakata, yakaingia kwenye ndoo na kupelekwa kwa wapakiaji, bila oda yoyote ya kuyasubiri. Meneja alileta wageni kuyaona, akayaita majaribio.

Mwaka uliofuata feni ilitengenezwa, propagesheni ikapata kipimajoto, na mbegu zikasiwa kwenye miezi ya baridi. Ripoti niliyoiona mezani kwa suparavaiza ilisema huo ulikuwa ushauri wa mtaalamu kutoka nje. Nilimweleza Shosho. Akacheka, akaniuliza kama ripoti hiyo imetaja popote zile saa zetu za ziada za kung'oa mwezi wa Mei.