Macho ya Risasi, Mkia wa Kulungu

Huku Pennsylvania, Marekani, tuna mto Susquehanna, mpana kupita kiasi, na kiangazi ziko sehemu nyingi unazoweza kuingia kwa miguu maji yasikupite kiunoni. Chini ni mawe. Mwaka wangu wa kwanza mawe hayo yalinimalizia ndoana: nilinunua vyambo vya manyoya dukani, yaani ndoana zilizofungwa manyoya au nywele ili zimdanganye samaki, na kila jioni nikaviacha viwili vitatu mtoni.

Jirani yangu, mzee mstaafu, ndiye aliyenionyesha chambo kiitwacho Clouser. Bob Clouser alikuwa akiwaongoza wavuvi kwenye mto huuhuu, na mwaka 1987 akakibuni chambo hicho kwa ajili ya samaki wanaoitwa besi wa mdomo mdogo. Kina macho mawili ya risasi yaliyounganishwa kwa kijiti kifupi, nayo hufungwa juu ya shina la ndoana. Kwa sababu uzito uko juu, kikiingia majini kinapinduka, ncha ikatazama juu na kupita salama juu ya mawe. Sisi tuliozoea chubwi kuning'inia kando ya ndoana, hapa chubwi yenyewe ndiyo macho ya samaki!

"Acha kununua," mzee akaniambia. "Funga vyako."

Baridi ilipoingia nikatafuta jiliwa ndogo ya kubania ndoana, uzi mwembamba na mkia wa kulungu. Macho nayaweka theluthi moja ya shina kutoka kwenye tundu la kufungia mshipi, kisha napitisha uzi kimsalaba, upande huu na ule, mpaka yasitikisike, na tone la gundi juu yake. Yakilegea, chambo kinaogelea kiubavu, na kazi yote imepotea.

Kilichonichukua muda ni nywele. Nilikuwa najaza, nikidhani kinene ndicho kinachoonekana. Mzee alichukua fungu langu, akalipunguza, akalipunguza tena, akabakiza unene wa njiti ya kiberiti. Kisha akanifundisha kuchagua: nywele za karibu na shina la mkia zina uwazi ndani, ukizikaza kwa uzi zinafumuka kama ufagio, za kuelekea ncha hulala vizuri. Nyeupe zinatangulia, upande wa macho. Halafu unageuza ndoana kwenye jiliwa, unaongeza nyuzi chache za kumetameta, na juu yake nywele za kijani cha ndimu. Majini nyeupe inakuwa tumbo, kijani mgongo, na kati yake mwanga unapenya. Kikiwa kikavu utasema hakijakamilika. Kiloweshe kwenye glasi ya maji uone: ni kidagaa kitupu.

Kuna kingine ninachokipenda, Woolly Bugger, chenye mkia wa manyoya laini yanayoitwa marabou. Jina hilo ni la kongoti, yule ndege wetu mkubwa mwenye mfuko shingoni, ambaye manyoya yake ndiyo yaliyotumika zamani. Siku hizi hutoka kwa bata mzinga, lakini jina limebaki. Nilipolielewa hilo nilifurahi siku nzima, mimi niliyekua nikiwaona kongoti majalalani.

Julai nilikwenda mtoni na vyambo sita, vyote vya mkono wangu. Nikatupa nyuma ya jiwe kubwa ambapo maji yanazunguka. Unavuta mshipi shubiri moja au mbili, unasimama, chambo kinazama kwa kichwa, unavuta tena. Ni wakati wa kuzama, mkono wako umetulia, ndipo besi anapokula, kwa hiyo macho yako yawe kwenye mshipi. Wangu ukasita, kidogo tu, kama uliogusa jani. Nikavuta.

Aliruka mara mbili, rangi ya shaba, macho mekundu. Ndoana ilikuwa imeshika paa la mdomo, juu kabisa, kama mzee alivyoniambia, kwa vile ncha inatazama juu. Nikamwachia maji yake. Chambo kilipoteza nywele kadhaa za kijani. Nikakipuliza, nikakitupa tena nyuma ya jiwe lilelile.