Mjomba, Ndiyo, Bichi ya Uchi Nimefika

Ijumaa baada ya swala mjomba wangu aliachia sauti ya dakika nne kwenye kundi la familia. Ati amesikia huku California naenda kukaa bichi na watu walio uchi wa mnyama. Ati familia ilichanga nauli nije nifanye kazi. Ati marehemu babu alikuwa mtu wa msikiti, na mimi nimekwenda kulitia jina lake mchangani. Shangazi zangu wakafuatia na astaghfirullahi zao mmoja baada ya mwingine, hata wale ninaojua hawakuisikiza ile sauti mpaka mwisho. Jumamosi asubuhi mjomba huyohuyo akaniandikia pembeni: karo ya mtoto imebaki kidogo tu, na shule inafunguliwa Jumatatu.

Karo nimetuma. Kwa hivyo sasa naona nina haki ya kujibu, na nitajibu kwa urefu.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Wakenya wengi huku ndiyo tunayoifanya, hata wale ambao nyumbani husema wako "ofisini". Bibi ninayemtunza siku hizi amepita miaka 80, mwalimu mstaafu, akili bado kali, ni magoti tu yamechoka. Anakaa San Francisco upande wa magharibi, na siku yoyote jua likijitokeza anataka kupelekwa Baker Beach, tena si pale kwenye familia na mbwa, bali mwisho wa kaskazini, ambako daraja la Golden Gate unaliona lote. Aliyenipa kazi alinieleza dawa, chakula, na namba ya daktari. Habari ya upande wa kaskazini hakunieleza.

Basi tukaenda. Nimebeba kiti, kikapu na taulo, yeye ana fimbo yake. Tukapita watoto na ndoo zao, tukapita wavuvi, na kadiri tulivyosonga nguo za watu nazo zikawa zinapungua. Nilipogundua niko wapi, bibi alikuwa ameshakaa anafungua vifungo. Alikunja kila kitu vizuri, sweta, blauzi, suruali, akavipanga juu ya kiti, soksi akazisokota ndani ya viatu zisipeperuke. Kisha akanipa krimu ya jua akasema, nipake mgongoni.

Mjomba, hapo ndipo hukufikiria kabla ya kubonyeza kile kitufe cha sauti. Mwili wa mzee bila nguo mimi nauona kila asubuhi saa mbili. Namwogesha, namkausha katikati ya vidole, nampaka mafuta. Ndiyo riziki yangu. Karo iliyoingia Jumamosi imetoka humo humo. Kwa nini uchi wa bafuni ni kazi halali, na uchi uleule penye upepo ni aibu ya ukoo?

Na wale vijana wa familia walionitumia vicheko na kuomba picha, nawapa pole. Mnachokiwaza hakipo. Wengi wa watu wale ni wastaafu. Nimeona makovu ya upasuaji wa moyo, magoti ya chuma, matumbo ya kila aina. Wanasoma magazeti, wanakula mkate na jibini, wanalalamikia kodi ya nyumba. Ukungu ukiingia, na hapa huingia kwa ghafla hata Julai, kila mtu anavaa sweta, ila juu tu. Chini hamna kitu. Wazee waheshimiwa wamesimama wanajadili siasa za mji, wamefunga zipu mpaka shingoni, na chini upepo unapita. Hapo nilicheka mpaka bibi akaniuliza kama naumwa.

Kati yao kuna mama mmoja aliyekatwa titi moja kwa saratani. Kovu lake limelala kifuani kama mshono wa gunia. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake bila kuniuliza ninatoka wapi wala nimekuja huku mwaka gani, maswali ambayo nikipanda basi tu nishaulizwa. Nilikaa naye nikinywa chai, mimi na dera langu la zambarau na mtandio, yeye na ngozi yake. Dera langu ndilo lililokuwa kituko pale. Mwanamume mmoja alikuja akiwa na tabasamu kubwa kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia niko kazini. Nilivyoumia si kidogo, maana hakuna mwingine aliyeulizwa swali lile, na mweusi pale nilikuwa mimi peke yangu. Msidhani bichi ya uchi imewavua watu ubaguzi pia.

Sasa mambo ya sheria, kwa sababu najua kuna kijana anasoma hapa na viza yake bado haijakauka wino, anafikiri Marekani mtu hujivulia popote. La. San Francisco kwenyewe, mji unaosifika kwa uhuru wote huo, baraza lake lilipiga marufuku kutembea uchi barabarani mwaka 2012, kwa kura 6 dhidi ya 5, na faini ya kwanza ni dola 100. Baker Beach inaponea kwa sababu ufuo huo uko ndani ya hifadhi ya taifa, ardhi ya serikali kuu, na marufuku ya mji hayafiki huko. Fuo za jimbo nazo zina mambo yake. Kanuni inakataza uchi, lakini mwaka 1979 mkurugenzi wa hifadhi za jimbo, Russell Cahill, aliwaandikia askari wake kwamba wasimwandikie mtu kosa mpaka raia alalamike, na hata hapo mtu kwanza aombwe avae. Kwa miaka mingi watu wakaishi kwa barua ile. Halafu mwaka 2008 jimbo likaamua kukaza kamba San Onofre, kule kusini, watetezi wa bichi za uchi wakaenda mahakamani, na wakashindwa. Kwa hivyo ruhusa mnayoisikia si ruhusa hasa, ni kufumbiwa macho, na macho hayo hufumbuka.

Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba kulala uchi ufuoni kuota jua, bila nia ya uchafu, si kosa la kujianika utupu. Vizuri. Lakini wewe mwenye makaratasi yanayosubiri, sikiza. Ukifanya upuuzi ukatiwa hatiani kwa kosa lile, jina lako linaingia kwenye daftari la wakosaji wa ngono, na kazi ya kutunza wazee au watoto hutaipata tena. Mwenyeji atamlipa wakili. Wewe utamlipa nani, na kwa pesa gani? Kaa na nguo zako, mwenzangu. Na usiache hata koti ndani ya gari. Vioo vya magari huku huvunjwa mchana kweupe, na bei ya kioo kimoja ni mshahara wa askari wa geti huko nyumbani.

Bintiye bibi anapokuwa na nafasi hutuendesha kusini kwa Barabara Kuu Namba 1, na hapo nakubali, nchi hii Mungu aliipendelea. Barabara inapita ukingoni kabisa mwa majabali, bahari iko chini inachemka povu. Unatokea kwenye mahandaki ya Devil's Slide, yaliyofunguliwa 2013 baada ya barabara ya zamani kuporomoka mara kwa mara, na mara hiyo hiyo unaiona bichi ya Gray Whale Cove chini yako. Mbele kuna Half Moon Bay na mashamba ya maboga, halafu San Gregorio, ambako watu wamejijengea vibanda kwa magogo yaliyoletwa na maji, wanalala humo kukwepa upepo. Pigeon Point kuna mnara wa taa uliosimama tangu karne ya 19. Kisha Bonny Doon, kijighuba kilichofichwa na jabali, unavuka reli ndipo ushuke.

Bahari yenyewe ni ya kutazamwa tu. Maji ni baridi kiasi kwamba ukitia mguu unauma mfupa, nyuzi 13 hivi, nasi tumezoea maji ya Bamburi, Mombasa, ambayo saa saba mchana unaweza kudhani yamepashwa. Mawimbi yanavuta. Pale Baker papa alimuua mwogeleaji mwaka 1959. Na fuo nyingi za jimbo gari linalipa kama dola 10 kuingia, yaani shilingi elfu moja na mia tatu, kuona bahari! Nyumbani kwa pesa hiyo Jomo Kenyatta Beach tungepanda ngamia, tukakodi boya, tukala viazi karai, na chenji ya matatu ikabaki.

Lakini nataka niwasimulie la Bonny Doon, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike, kuliko hata ile sauti ya mjomba. Bibi hakuweza kushuka, akabaki juu na bintiye. Mimi nilishuka kuwatazamia njia. Kukatokea kijana amesimama juu ya mwamba, amevaa suruali, koti, kofia, na mkononi simu ameielekeza mchangani. Chini yake kuna msichana amelala kifudifudi, peke yake, ana vipokea sauti masikioni, hana habari. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, wazee, uchi kama walivyozaliwa, waliinuka wakamfuata polepole. Mmoja alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kijana, simu tia mfukoni, na hizo picha zifute tukiona. Akazifuta mbele yao, vidole vinamtetemeka. Kisha wakamsindikiza mpaka njiani, wakarudi, wakaendelea kusoma. Msichana hakuamka.

Nimekua Kisauni. Najua kupita mbele ya baraza ya wanaume nimevaa buibui, hakuna kinachoonekana ila uso, na bado nikafika nyumbani najihisi nimevuliwa. Bichi yetu wanawake tunaingia majini na dera, wengine na jinzi, na bado mabichi boi wana la kusema. Na hayo ni maneno tu. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo na wanaume kituo cha matatu, mchana, watu wanarekodi, eti kavaa vibaya. Ikabidi Bunge litunge kosa jipya, kumvua mtu kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10. Hebu fikiria, sheria ya kuwazuia wanaume wasimvue nguo mwanamke aliyezivaa! Sauti ya dakika nne ya mjomba mwaka ule sikuisikia.

Simtetei mtu avue. Stara yangu naipenda, na sijavua hata mtandio, kwa wanaotaka kujua. Ila mjomba ni mtu wa Kitabu, na anajua kwamba katika Suratun-Nur aya inayowaambia wanaume wainamishe macho imetangulia ile inayowaambia wanawake kuhusu mavazi yao. Imetangulia, haikufuata. Wale wazee wa Bonny Doon hawaijui aya hiyo wala hawana habari nayo, lakini macho yao yameinama. Wakikusemesha wanakutazama usoni. Ukifika na kamera unaondolewa. Ukikaa karibu mno na mtu wakati mchanga wote uko wazi, unaulizwa una shida gani. Hukai popote bila kutandika taulo lako kwanza, hiyo ni adabu, nami naiona nzuri.

Kuna siku naiunga mkono dunia yao, na kuna siku nikiwa nimechoka naona ni utajiri tu unaowafanya waone kuvua nguo ni starehe. Sisi kwetu aliye uchi ni mwendawazimu au maskini, na hakuna anayemletea kiti. Bibi nilimwambia hivyo. Akasema inawezekana. Hakubishana.

Oktoba bibi na bintiye wanataka twende mpaka San Diego, kilomita 800 hivi, bibi aione Black's Beach. Anaijua vizuri, alikuwako miaka ile ya 70 mji ulipokuwa umeruhusu rasmi kuvua, kuanzia 1974, kabla wapiga kura hawajafuta ruhusa hiyo 1977. Kushuka haiwezekani, jabali lina futi 300, hata mimi mwenye magoti mazima ningefikiria. Atakaa juu kule watu wanakoruka angani kwa miavuli, na darubini tumemkatalia, kwa sababu kanuni ni zake mwenyewe. Mimi nimeshauliza kitu kimoja tu, na nyinyi mnaokuja kufanya kazi hii ulizeni mapema kabla hamjapanda gari la mtu: masaa ya njiani nayo yanalipwa, na usiku wa hotelini unahesabiwaje. Iandikwe.