Chicago usiku mmoja: jazi, hadithi na ufunguo

Hii safari sikuipanga kabisa, nilikuwa Milwaukee kwa kaka yangu, siku ya tatu akaniambia mdogo wangu, Chicago kesho usiku kuna watu wanapiga jazi halafu kuna mama anasimulia hadithi ambayo hata yeye mwenyewe hajui itaishia wapi. Nikamwambia naenda. Yeye alikuwa anaingia kazini alfajiri kwa hiyo akanipa ufunguo wa nyumba, akasema ukirudi jifungulie, usinigongee.

Treni inachukua kama saa moja na nusu, kilomita 138 hivi, dirishani mashamba, maghala, halafu nyumba zinaanza kubanana na unajua umefika. Unashukia Union Station, ule ukumbi wake mkubwa una dari la vioo juu kabisa na mabenchi marefu ya mbao, nikakaa pale dakika kumi bila sababu. Nilikuwa nawaza Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazi, naye aliingia mji huu kwa treni, 1922, kijana wa miaka 21 katoka New Orleans, King Oliver, mpiga tarumbeta mwenzake, kamwita aje apige naye kwenye bendi yake. Na hakuwa peke yake, kati ya 1910 na 1970 watu weusi kama milioni sita waliondoka majimbo ya kusini mwa Marekani, wengi sana wakaishia Chicago, upande wa South Side, wakaja na nyimbo za kanisani, blues, na hadithi zao. Ukilijua hilo kwanza, kila unachokisikia mji huu kinabadilika.

Basi nikatoka nikapanda L, ile treni ya mjini ambayo sehemu nyingi inapita juu ya barabara kwenye nguzo za chuma, na hapo ndo nikakosea, nikapanda inayoelekea upande mwingine, nimekuja kushtuka vituo sita mbele. Mpaka nageuza na kupata basi la kunifikisha, nilishachelewa dakika ishirini na kitu.

Dada wa mlangoni akaweka kidole mdomoni, akanionyesha kwa mkono nisubiri. Nikasimama nje ya ule mlango nasikiliza. Nasikia kama mtu anaburuta kiti. Kimya. Mtu anagonga ubao mara mbili. Kimya tena, kirefu. Nikashusha pumzi, nikajua bado wanapanga vyombo, kumbe sijachelewa, nikamuuliza yule dada kwa sauti ya chini, wanaanza saa ngapi? Akaniambia wameanza zamani, hiyo unayoisikia ndo yenyewe.

Aisee.

Akanifungulia walipopumua kidogo. Ndani ni chumba tu, viti kama sitini, taa hafifu, na hakuna anayeongea. Mbele watu wanne, mpiga besi na lile besi lake kubwa la kusimama, mpiga ngoma, kijana wa saksafoni ambaye ana filimbi pia, na mama wa makamo kasimama na maiki hana karatasi wala nini. Kile kiti nilichosikia kinaburutwa kilikuwa ni besi. Jamaa hadonoi nyuzi, kashika upinde na anausugua chini kabisa, chini ya kile kibao kinachozinyanyua nyuzi, sehemu ambayo kwa kawaida hakuna mtu anapiga, na sauti inayotoka pale ni mbao na chuma vinalalamika.

Yule mama akawaomba watu kitu chochote walichonacho mfukoni. Mtu wa nyuma akasema ufunguo. Akaanza, kulikuwa na mwanamke aliyerithi ufunguo kwa bibi yake lakini hakurithi mlango. Mpiga ngoma akaingiza mkono mfukoni, katoa funguo zake mwenyewe, akazilaza juu ya ngoma ndogo, akawa anaigonga kwa vidole taratibu sana, na kila akigonga zile funguo zinatetemeka, tsss, tsss. Mama akasikia. Hakugeuka hata kumwangalia, hapo hapo hadithi ikabadilika, ufunguo ukawa unatetemeka mfukoni kila yule mwanamke akipita mbele ya nyumba, na kadiri anavyokaribia mlango wake ndivyo unavyotetemeka zaidi. Yaani mpiga ngoma kaiandika hiyo sentensi, mdomo tu ndo wa yule mama.

Kuanzia hapo nikaacha kusubiri wimbo uanze.

Ikafika mahali mwanamke wa hadithi anasema "bado natafuta", na ukumbi ukajibu, hakuna aliyetuambia tujibu, watu wawili watatu walianza, mara ya tatu tulikuwa wote. Mimi niliyekua na paukwa pakawa nilijibu kabla sijafikiria, mwili unajua wenyewe kwamba hadithi haiendi kama msikilizaji amenyamaza.

Kuna sehemu haikunifurahisha na nitaisema. Kijana wa saksafoni alikuwa na kile kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachorekodi na kurudia rudia, akainasa sauti ya mama akaipandanisha juu ya yenyewe mara nne, mara tano, mpaka maneno yakazama na hatukusikia kitu. Ilikaa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ila angalia alichofanya yule mama, hakushindana nacho, aliiacha maiki akaja mbele kabisa ya viti vya kwanza akaendelea kusimulia kwa sauti yake tu, ya kawaida, ikabidi kijana apunguze, akapunguza, akazima.

Na wakati wote huo mpiga besi hapigi. Upinde kaulaza mapajani, macho kafumba, dakika tano nzima labda. Mwanzoni nilidhani kachoka. Halafu mwanamke kwenye hadithi akaingiza ufunguo, na hapo ndo besi likatoa noti moja, nene, ya chini, nikaisikia kwenye kiti nilichokalia kabla ya masikioni, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Watu wanaita muziki wa aina hii, wa kubuni papo hapo, kelele, hata mimi niliwahi kuita hivyo na nilikosea. Mji huu una historia ndefu ya hiki kitu. 1965 kule South Side, Muhal Richard Abrams na wenzake walianzisha AACM, chama cha wanamuziki ambacho sharti lake lilikuwa upige kazi yako mwenyewe, sio kurudia za wengine. Humo ndo walitoka bendi ya Art Ensemble of Chicago, walipanda jukwaani na kengele, filimbi, mpaka vyombo vya kuchezea watoto, na mmoja wao, Joseph Jarman, alikuwa mshairi pia, kwa hiyo maneno na saksafoni kukaa jukwaa moja hapa sio kitu cha jana.

Baadaye nilimfuata mpiga besi akiwa anaingiza besi kwenye mfuko wake, nikamuuliza ulijuaje muda wa kuingia, mlikubaliana? Akasema hapana, nilikuwa nasikiliza anavyovuta pumzi, akivuta fupi anaongeza tu maneno, akivuta ndefu kuna kitu kinakuja. Pale alivuta ndefu. Akafunga zipu akaniaga.

Mlango ulifunguka au haukufunguka? Mama hakusema. Alifika "akazungusha", akanyamaza, mpiga ngoma akaziokota funguo zake moja moja juu ya ngoma, akazirudisha mfukoni, taa zikawaka.

Treni ya usiku nilishaikosa, nikalala hosteli, nikarudi na ya kwanza asubuhi. Milwaukee kulikuwa ndo kunakucha na kaka kashatoka kwenda kazini. Nikasimama mlangoni kwake na ule ufunguo alionipa, na kabla ya kuuingiza nikaushika kidogo mkononi, nausikilizia.