Mita 14 za mawe

Leo jioni nimejaza ufa wa mwisho wa njia ya mawe niliyojenga mwenyewe kutoka getini hadi mlangoni. Kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi, ya kidole cha shahada imeng'oka, na mgongo nisiuseme.

Wanaoijua Mwanza wanajua tunavyoishi: nyumba juu ya mwamba, mwamba juu ya nyumba. Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck kule ziwani, ila sisi wa milimani kila mtu ana jiwe lake uani, anaanikia nguo au dagaa. Kwangu, kutoka getini hadi mlangoni ni mita 14 za mteremko. Mvua za vuli zikianza, maji yanashuka na udongo wote. Tumewahi kuweka matofali ya kukanyagia, mbao, hata magunia ya mchanga. Mwezi wa kumi mama alikuja kutusalimia, akateleza na kukaa chini katikati ya njia, kuku mkononi. Kuku akatoroka. Mama hakuumia, alijipangusa tu akasema, "Mwanangu, umezungukwa na mawe, unakanyaga matope."

Fundi alitaja bei, nikamshukuru. Nikasubiri shule zifungwe.

Mawe nilichukua kwa mzee mmoja anayepasua mwamba nyuma ya mtaa wetu. Nilidhani kupasua ni nguvu. Kumbe ni kukaa. Anawasha moto wa magogo juu ya mwamba, anaketi pembeni, anapiga stori. Saa zinapita. Halafu jiwe linalia, mlio mfupi, mkavu, kama kibuyu kinachopasuka, na ngozi ya juu inaachana na mwili. Ndipo anaponyanyuka na mtaimbo. "Juu limepata joto, limetanuka," alinieleza. "Chini bado limelala. Hapo lazima wagombane." Granaiti hii ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na tangu ilipotokeza juu ya ardhi jua na mvua vimekuwa vikiimenya hivyohivyo, ganda kwa ganda. Mzee anaharakisha tu. (Wapo wanaochoma matairi badala ya kuni. Moshi wake ukiingia ndani hata uji unanuka. Huyu hachomi, ndiyo maana nilimfuata yeye.)

Vipande vyake ni bapa, unene wa sentimita 6 hadi 8, vingine vipana kama sinia. Vinadanganya macho. Jiwe la sentimita 50 kwa 40 unaliona la kubeba kwapani, kumbe ni zaidi ya kilo 30. Tripu moja ya Canter ilimwagwa getini, na toroli la jirani likapata pancha mara tatu.

Njia yenyewe haikunisumbua sana. Nilichimba sentimita 20, nikamwaga moramu, nikashindilia kwa gogo, nikatandaza mchanga, nikalaza mawe. Saruji niliweka kingoni tu. Kilichonidhalilisha ni kibaraza.

Kibaraza ni mita 3 kwa 4, mbele ya mlango. Nilikipima kwa macho. Nilirudi nyuma, nikafumba jicho moja, nikaona kimelala sawa kabisa. Usiku wa pili mvua ikanyesha. Saa tisa mke wangu akanitikisa: "Baba Neema, ndala zinaelea."

Nimeishi mlimani miaka 11. Jiko limeinama, choo kimeinama, hata kamba ya nguo. Jicho langu limekwisha kubali kwamba mteremko ndio usawa. Asubuhi nikaazima mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mimi nikashika ncha moja, Neema nyingine. Mahali nilipoapa pamelala sawa palikuwa pameshuka sentimita 5 kuelekea mlangoni. Nikafumua kibaraza chote. Safari hii nilipiga vigingi, nikavuta uzi, nikashusha sentimita 2 kwa kila mita kwenda nje. Nilipomaliza Neema aliweka gololi kizingitini, ikajiendea taratibu hadi kwenye maua. Tuliirudia labda mara kumi.

Zikabaki nyufa, na nyufa zinataka kokoto ndogo. Barabarani, chini ya mwavuli, kuna mama anayetuuzia kokoto kwa ndoo tangu tulipoanza kujenga. Sijawahi kununua kwake bila kubishana. Nageuka kama naondoka, naitwa, narudi. Safari hii nikasema vipande vilivyovunjika ninavyo, nitaponda mwenyewe. Nilianza baada ya chai. Kipande cha kwanza kilinirukia shavuni; baadaye nyundo ikapata ile kucha. Adhana ya adhuhuri ilinikuta ndoo haijafika shingoni. Ndoo moja! Nikakumbuka siku niliyosimama juani kushindania mia tano hadi akachoka akaniachia. Sikuendelea kuponda.

Nilipomfikia alikuwa ameshaona kitambaa. "Mwalimu, mkono vipi?" Nikamsimulia. Alicheka hadi akaweka nyundo chini. Kisha akanionyesha kipande cha mpira wa tairi alichokikunja kuwa pete yenye mshikio: jiwe linakaa ndani, nyundo inashuka, hakiruki kitu, na vidole viko mbali. Nilimwomba ndoo 4. Akataja bei, nikalipa. Akazigeuzageuza zile noti kama anayetafuta iliyo bandia.

Leo amepanda mwenyewe kuleta ndoo ya mwisho, nadhani alitaka kuona. Akaja akikanyaga kila jiwe kwa kisigino, hasemi kitu. La tano kutoka getini likafanya kok.

"Hili linacheza, Mwalimu."

Najua linacheza. Nimelilaza upya mara mbili. Ila Neema amenisihi nisiliguse tena, na juzi ndipo nilipogundua sababu: likilia tu, televisheni inazimwa, na mimi nikiingia namkuta na daftari.