Nyama Isiyo na Mfupa

Julai ya Njombe ni friji tosha. Asubuhi maji ya bombani yanauma vidole, nyasi za uani zina barafu, na kisu ukikishika unatamani kukifunga kitambaa. Watu waliohamia huku kutoka Pwani hulalamika mwezi mzima. Kwangu huu ndio mwezi wa soseji.

Niliishi Dar kabla ya kuolewa huku, na kule sikuwahi hata kufikiria kuzitengeneza. Mafuta ya nguruwe ni laini kuliko ya ng'ombe. Kwenye joto la Tabata yanaanza kulainika mkononi kabla hayajafika kwenye mashine. Yakishalainika hayasagiki, yanapakaa. Yanaivika nyama utando, nyama inashindwa kushikana, na siku ya kukaanga yanatoka yote yakabaki kwenye kikaango huku soseji ikikauka ndani. Soseji nzuri ukiikata unayaona mafuta yake, vipunje vyeupe vilivyotulia kila kimoja mahali pake, na ndiyo maana ukiiuma inatoa majimaji. Kwa hiyo mimi baridi naihesabu pamoja na chumvi na vitunguu saumu.

Wikiendi iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Lupembe, akanikuta jikoni na beseni la nyama iliyokwisha kusagwa. Tukasalimiana, akauliza watoto, akatua mzigo wake wa mahindi, kisha akachungulia beseni.

"Mwanangu, nyama gani hii?"

"Nguruwe, mama."

"Mfupa wake uko wapi?"

Nikamwonyesha sufuria ya mifupa iliyokuwa ikichemka kwa ajili ya supu. Akaifunua, akatazama, akaitikia kwa kichwa. Ndipo akakaa.

Swali lile nimekaa nalo wiki nzima, kwa sababu naona ana haki. Sisi nyama tunainunua kwa macho. Buchani mtu haagizi tu kilo, anaonyesha kwa kidole: nikatie hapo, hapana, juu kidogo, usiniwekee huo mfupa mkubwa. Ukienda kula kitimoto ni hivyo hivyo. Unachagua kipande kikiwa kinaning'inia, kinapimwa mbele yako, nusu au kilo nzima, kinakatwakatwa, na wapo wanaume wazima wanaosimama jirani na jiko mpaka kiive, wakijifanya wanapiga stori na mpishi, kumbe wanalinda nyama yao. Wakitoka pale wanajua wamekula walichochagua. Nyama ya kusaga inakunyang'anya yote hayo. Haina mfupa wala ngozi, hujui ilikuwa paja au koo. Ukishaisokomeza ndani ya utumbo ukafunga na ncha, mlaji hana namna tena ya kuuliza. Anabaki kumwangalia mpishi usoni.

Na mimi nimeongeza jibini katikati. Yaani siri ndani ya siri.

Ndiyo maana soseji zangu zinaanzia bandani. Nguruwe namnunua kwa jirani ambaye wanyama wake hawatoki nje, na hilo naliangalia kuliko hata unene. Huku Nyanda za Juu Kusini tegu si hadithi. Nguruwe akizurura akala kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yale yanageuka vilengelenge vyeupe ndani ya nyama yake. Ukila nyama hiyo haijaiva, mnyoo mzima unaota tumboni mwako. Kibaya zaidi, mayai ya huo mnyoo yakiingia mdomoni mwa mtu kwa mikono michafu, hata kama mtu huyo hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake, vilengelenge vinaweza kuishia kwenye ubongo, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kifafa katika maeneo yanayofuga nguruwe. Basi mkaguzi wa nyama lazima afike, akate misuli aangalie, apige muhuri. Ukishaisaga nyama, hata yeye hawezi kuona kitu tena. Ukaguzi wote hufanyika kabla ya mashine.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo mashoga zangu wakiiona wanaziba pua. Utumbo. Mjini unaweza kuagiza ulioandaliwa kabisa, umehifadhiwa kwenye chumvi, lakini hapa ukishakuwa na nguruwe mzima unao utumbo mwembamba wa mita zaidi ya kumi na tano bure. Unaumwaga uchafu, unausuuza, unaugeuza ndani nje, kisha unaulaza juu ya ubao na kuukwangua kwa mgongo wa kisu. Kisu kikali hakifai, kinatoboa. Ute mzito unasogea mbele ya kisu, unakusanyika, unaufuta, unarudia. Mwanzoni utumbo ni mnene, wa rangi ya waridi iliyofifia. Ukikwangua vya kutosha unabaki ngozi nyembamba kiasi kwamba ukiingiza vidole viwili ndani unaziona kucha zako. Ukimimina maji upande mmoja unajaa, unajinyoosha kwenye beseni, na palipotoboka panajionyesha penyewe kwa kurusha maji. Hapo nakata, nafunga fundo. Halafu unalala kwenye maji ya chumvi na ndimu.

Mama mkwe alichukua kisu cha pili bila kuambiwa. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko yangu, ingawa yeye utumbo huo amezoea kuusuka na kuupika na mboga.

Kusaga ni haraka. Mashine yangu ni ile ya mkono, ya chuma, inayofungwa ukingoni mwa meza kwa skrubu. Natumia bega, kwa kuwa tayari lina mafuta yake, na naongeza mafuta ya mgongoni hadi mafuta yote yafike robo ya beseni au zaidi kidogo. Wanaopunguza mafuta kwa kuogopa unene wale samaki, soseji waziache. Chumvi napima kwa mizani, gramu 18 kwa kila kilo, kwa sababu hapo ndipo soseji inapopatikana au kukosekana. Chumvi inaivuta protini ya nyama itoke nje, na ukichanganya kwa mikono, na maji ya baridi kama kikombe kidogo kwa kila kilo, baada ya dakika chache nyama inaanza kunata. Naibandika kiganjani, nageuza kiganja chini. Ikiganda haianguki, imekubali. Mikono kwa wakati huo imekufa ganzi kabisa, na mimi nafurahi, maana mikono ikipata joto ujue na nyama imepata.

Viungo sina vingi: vitunguu saumu, pilipili manga, mbegu za giligilani nilizozikaanga bila mafuta na kuzitwanga. Na pilipili zenyewe, za namna mbili. Pilipili kichaa iliyokauka, imetwangwa na mbegu zake, ndiyo ya kuwasha. Pilipili mbuzi mbichi, imetolewa mbegu na kukatwa ndogo sana, ndiyo ya harufu. Mbichi usizidishe, ina maji.

Sasa jibini. Njombe tuna bahati ambayo wengi hawaijui: kiwanda cha maziwa cha hapa kilisaidiwa na Waitaliano, kwa hiyo unakuta jibini za Kiitaliano zikitengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa wakulima wa vijijini huku huku. Ile laini yenye maji, mozzarella, kwa soseji haifai. Inayeyuka na kutafuta tundu la kutokea. Nachukua ngumu iliyokaa, provolone, naikata vipande vidogo vya mraba, chini ya sentimita moja, naviweka kwenye friza usiku. Gramu 120 hivi kwa kilo zinatosha. Vinaingia mwisho kabisa, vikiwa vimeganda, na kuchanganywa kidogo tu ili visisagike.

Mama mkwe akaonja kipande. Akakitafuna muda mrefu.

"Maziwa haya yaliharibikia wapi?"

Nikacheka mpaka nikaweka bakuli chini. Nikamwambia hayajaharibika, yameganda na kutunzwa. Akasema mgando anaujua, huu si mgando. Ila akachukua kingine.

Wazo lenyewe si langu. Mdogo wangu alisoma Vienna, Austria, na kule walevi wa usiku, waungwana wa opera na madereva wa teksi wanakutana kwenye vibanda vya soseji, wanakula Käsekrainer: soseji ya nguruwe iliyofukizwa moshi, ndani ina vipande vya jibini ya Emmental, inaletwa na haradali na kipande cha mkate. Jina la Krainer linatokana na Krain, eneo ambalo leo liko Slovenia, na Waslovenia wana soseji yao, kranjska klobasa, isiyo na jibini, ambayo Umoja wa Ulaya uliilinda rasmi jina lake mwaka 2015, baada ya mvutano na Waaustria. Nchi mbili kugombea soseji! Mdogo wangu alinisimulia haya akidhani nitacheka. Mimi nikaona wana akili. Mtu anayepigania jina la chakula anataka kusema: hiki tunakijua kilivyotengenezwa, na kwa nani.

Pilipili kwenye soseji ya Vienna si kitu. Hapo ndipo nilipoweka mkono wangu, na sababu ipo. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, ndiyo maana glasi ya maji haikusaidii. Unayeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa inaushika na kuuondoa ulimini. Ukiuma soseji hii, kwanza unapata moto. Unafikia jibini, moto unashuka. Unauma tena nyama, unapanda. Kwa hiyo nyama yenyewe lazima iwe kali kuliko ambavyo ungeivumilia peke yake. Kabla ya kujaza nakaanga kijipande kidogo na kuonja. Kikinifanya nivute pumzi kwa meno, tayari.

Kujaza kunataka watu wawili, mmoja azungushe mkono wa mashine, mwingine apokee utumbo unavyojaa. Mume wangu akazungusha, mama yake akapokea. Usijaze mpaka ukakamae. Acha nafasi, maana utausokota upate vipande, na penye kiputo cha hewa unachoma sindano. Zikalala usiku kucha zikining'inia kwenye kijumba cha nyuma, ambako kwa mwezi huu ni baridi kuliko ndani ya friji yangu.

Asubuhi nikazipika kwanza kwenye maji ya moto yasiyochemka, mvuke tu unapanda. Maji yakitokota, utumbo unapasuka, jibini yote inaelea na unabaki na supu ya gharama kubwa. Nina kipimajoto cha kuchoma. Katikati ya soseji lazima pafike nyuzi joto 71, na kwa nguruwe sibahatishi. Kisha ndiyo kikaango, mafuta kidogo, moto wa wastani, mpaka ngozi ipate rangi na kuanza kulia. Tukala na viazi vya kuchemsha na kachumbari. Kwa kweli haradali sikuikumbuka na haikukosekana.

Mama mkwe alikata yake katikati kwa kisu badala ya kuuma. Akazitazama zile sehemu mbili, jibini ikitiririka sahanini, vipunje vya mafuta, vidoa vyekundu vya pilipili. Alikuwa anakagua, na nilimwacha akague. Kisha akala yote, akaomba maji, maji hayakusaidia, akalamba jibini. Mumewe, alisema, asingekula hii, ila angekaa hapo hapo akisubiri aombwe mara ya pili.

Jumatatu mume wangu akabeba chache kwa rafiki yake mwenye baa. Jioni simu ikapigwa: naweza kumletea kilo kumi kila Ijumaa? Bei aliyotaja ilikuwa nzuri, sitadanganya. Nikauliza zitakaa wapi. Akasema kwenye kabati la kioo pale kaunta, zikiwa zimeshakaangwa, wateja wazione. Mpaka ziishe? Mpaka ziishe, hata Jumapili. Na kama nguruwe amepanda bei, akaniambia, changanya na mapafu, nani atajua?

Nimemwambia hapana. Mume wangu anaona nimepoteza hela ya ada ya muhula mzima, na hesabu yake ni sahihi. Tumekubaliana nitafanya kwa oda za watu ninaowafahamu, mbichi, zikiwa zimegandishwa, na atakayetaka kuja siku ya kusaga aje aone. Wawili wameshasema watakuja. Mama mkwe kanitumia salamu kwamba nguruwe wake wa Desemba ameshanenepa, utumbo asitupe mtu, na jibini nimwekee kipande kisichokuwa na kazi.